Krismasi kwa Nyanya: Yanayompata Mtoto Mdogo Safarini

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili waliponiomba makala ya maelezo, wengi walidhani nitaandika juu ya mihadarati au uharibifu wa mazingira, maana hayo ndiyo tuliyozoea kuyaona katika kurasa hizi. Mimi nimechagua jambo ambalo karibu kila mmoja wetu hulifanya kila mwaka na hakuna somo linalolifundisha, nalo ni kusafiri na watoto wadogo kwenda kuwaona jamaa wa mbali. Msicheke. Mwezi wa Januari mwaka wa 2024 jambo hili nusura litunyang'anye kitinda mimba wetu. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza maswali kwa walimu, kwa wauguzi, hata kwa makanga, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Hapa kwetu Thika watu wengi wana nyumbani kwingine. Reli ilifika hapa mwaka wa 1913, mashamba ya mkonge, kahawa na mananasi yakahitaji mikono, kisha viwanda navyo vikaja. Babu yangu alitoka Butula, ambayo sasa iko katika kaunti ya Busia, akaja kukata mananasi. Alipozeeka akarudi kwao, akamwacha baba hapa akifanya kazi kiwandani. Shangazi yangu, yaani dada yake baba, ameolewa Ruiru na ana watoto pacha. Kwa hivyo Desemba ikifika, sisi wa Thika na wao wa Ruiru huwa msafara mmoja. Ninyi mlio na nyanya Gatanga au Kandara mna bahati yenu. Mwapanda matatu moja tu, na kabla mtoto hajamaliza ndizi yake mmefika. Sisi ni zaidi ya kilomita 400.

Msafara wa Desemba 2023 ulikuwa wa watu wanane: baba, mama, shangazi, mimi, ndugu yangu wa darasa la tano, pacha wa shangazi waliokuwa na miaka minne, na kitinda mimba wetu wa miaka miwili. Mimi nilikuwa nimemaliza KCPE, ile ya mwisho kabisa kufanywa nchini, na nilijiona mtu mzima.

Shida ya kwanza ilitupata kabla hatujafika hata Nairobi. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa Novemba 2012, magari yanayokwenda moja kwa moja hupita mbio katikati, na yanayoshusha na kupakia watu hutumia barabara za kando. Matatu ikishajaa abiria Thika haina haja ya kuingia Ruiru. Sisi hatukulifikiria hilo. Tulikuwa tumemwambia shangazi asimame kwenye steji alfajiri, tutamchukua. Kumbe! Tulipita katikati tukampungia mkono dirishani, naye amesimama kwenye baridi, pacha kila upande na mizigo miguuni. Ilibidi atafute matatu nyingine. Tulipokutana Nairobi pacha mmoja alikuwa amelowa na mwingine amelala begani, na shangazi hakumsemesha baba mpaka Naivasha. Siku hizi huja kulala kwetu usiku wa kuamkia safari. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Msafara wenye watoto wadogo usipange kukutana njiani, uanze mahali pamoja.

Sasa tuje kwenye viti, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, na si kwa ujinga bali kwa sababu ya pesa. Matatu na mabasi yana sheria isiyoandikwa: mtoto akikaa kwenye kiti ni nauli, akipakatwa ni bure. Desemba nauli hupanda hata karibu mara mbili, basi ni nani atakataa cha bure? Baba alilipia viti vitano. Mama akampakata kitinda mimba, shangazi akampakata pacha mmoja, na mimi nikapewa yule mwingine. Makanga alifurahi sana, akatuambia sisi ni watu waungwana.

Karibu na Gilgil dereva alikanyaga breki ghafla kwa sababu ya punda. Yule pacha niliyempakata aliniponyoka kama sabuni, akagonga mdomo kwenye chuma cha kiti cha mbele. Jino likang'oka. Damu ilimwagika juu ya gauni lake la Krismasi na juu ya sketi yangu, na kwa muda mrefu sikuweza kumwangalia shangazi usoni. Nilikuwa nimemshika vizuri, naapa. Nilikuwa nimemkumbatia kwa mikono miwili.

Mwaka huu katika Kidato cha Tatu tulipofika kwenye sheria za Newton ndipo nilipojua kwamba halikuwa kosa la mikono yangu. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la Fizikia. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo huo ni kama mita 22 kwa sekunde. Mtoto wa kilo 15 aliye ndani anakwenda mwendo huo huo. Basi likigonga kitu na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto bado anataka kuendelea mbele, na nguvu ya kumzuia ni 15 mara 22 gawanya kwa 0.1, yaani niutoni 3,300. Hiyo ni sawa na kuinua kilo 330, magunia zaidi ya matatu na nusu ya mahindi ya kilo 90. Ni nani kati yetu anayeweza kushika magunia hayo kwa mikono? Siku ile tulifungiwa breki tu na bado nilishindwa.

Mikanda ilianza kuwa lazima katika magari ya abiria Februari 2004, katika zile kanuni ambazo watu huziita sheria za Michuki, kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki. Kanuni hizo hizo zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini mkanda una hila yake. Nimeona akina mama wengi wakifunga mkanda mmoja kumzungusha mama na mtoto pamoja. Usifanye hivyo. Gari likisimama ghafla, uzito wote wa mama humwendea mtoto, naye anabanwa kati ya mama na mkanda kama muwa kwenye mtambo. Kama ni lazima umpakate, jifunge wewe mkanda, kisha umshike mtoto nje ya mkanda. Na kama mtoto ana umri wa kukaa mwenyewe, mlipie kiti, mkanda upite juu ya nyonga zake wala si juu ya tumbo. Najua ni pesa. Baba alipoambiwa habari hizi alinyamaza, kisha akasema jino la maziwa litaota tena. Ni kweli, liliota. Lakini mwaka uliofuata alilipia viti saba, na sikumsikia akilalamika.

Baba ana jambo lingine ambalo halibadilishi: hatusafiri usiku. Zamani tulikuwa tukipanda basi la jioni ili watoto walale njia nzima, na kusema kweli wao hulala. Lakini tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori ziligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakapoteza maisha. Siku hiyo hiyo usafiri wa usiku wa magari ya abiria ulipigwa marufuku. Marufuku hiyo baadaye iliondolewa kote nchini, ila nyumbani kwetu haijaondolewa.

Mchana nao una adha zake, hasa kutapika. Nilimwuliza mwalimu wa Biolojia kwa nini pacha wanatapika na kitinda mimba hatapiki, akanieleza kwamba ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo. Sikio linauambia ubongo kwamba tunakwenda na kuyumba, lakini macho ya mtoto mfupi yanaona kiti cha mbele tu, ambacho kimetulia tuli. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuliwa. Wenye miaka mitatu mpaka kumi na miwili hivi ndio hasa. Basi mweke mtoto dirishani, kiti cha mbele mbele, aangalie mlima au ng'ombe wa mbali, asiangalie kitabu wala simu. Asipande na njaa, wala asipande ameshiba chipsi zilizokaangwa kando ya barabara. Na uwe na chombo cha kutapikia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na hapo wasafiri wenye pacha walipata pigo ambalo serikali haikulifikiria. Sisi hutumia kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko. Kopo hilo lina kazi nyingine pia, maana basi halisimami kila mtoto anapotaka haja.

Mkishuka kwenye Bonde la Ufa masikio huziba. Mtu mkubwa humeza mate yakazibuka. Mtoto mchanga hajui, hulia tu, na watu kwenye basi huanza kumtazama mama kwa jicho baya. Mnyonyeshe wakati wa kuteremka. Kumeza ndiko kunakofungua masikio.

Halafu kuna hali ya hewa. Njia yetu inapanda mpaka Mau Summit, ambako baridi ni ya kung'ata, ikapita kwenye majani chai ya Kericho, kisha inateremka hadi Ahero kwenye mashamba ya mpunga, ambako joto hukupokea kama mvuke wa sufuria. Yote hayo ni ndani ya masaa machache. Mama humvika mtoto nguo tatu nyepesi badala ya koti moja zito, azipunguze moja moja. Maseno tunavuka ikweta. Ndugu yangu kila mwaka husimama kwenye basi atake kuiona, na kila mwaka anasema hajaiona.

Tunashuka Bumala, tunapanda boda-boda hadi Butula. Mnajua kwamba boda-boda zilianzia huko kwetu Busia? Miaka ya 1960 watu walikuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kenya hadi mpaka wa Uganda. Tunafika jioni, miguu imevimba, nyanya anatoka jikoni na unga mikononi akisema "Mulembe, mulembe," na watoto wetu wanajificha nyuma ya mama kwa sababu hawajui kujibu. Huwa naona aibu kidogo hapo. Watoto wa Thika na Ruiru wanajua Kiswahili cha mtaani na Kikuyu cha majirani, lakini Kimarachi cha nyanya yao hawakijui. Kwa siku mbili wanaongea naye kwa vidole. Siku ya tatu wanamfuata kila mahali kama vifaranga.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipo jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwisho wa mwaka wa 2023 mvua za El Niño zilikuwa nyingi. Maji yalisimama kila mahali, na mbu walikuwa wa kufukuza kwa kiganja. Nyanya alikuwa amepewa chandarua chenye dawa katika ugawaji wa serikali, lakini alikitumia kufunika miche ya sukuma wiki isiliwe na kuku. Msimcheke, ninyi mnaocheka. Yeye ameumwa na mbu miaka sabini na bado analima. Mama aliponong'ona kwamba watoto walale kwenye neti, baba alisema, "Sisi tulikua hivi hivi, na tuko hai." Mama ni mke aliyeolewa katika boma lile, hakutaka kuonekana anaogopa nyumba ya mama mkwe. Akanyamaza. Watoto wote wadogo walilala sebuleni juu ya mkeka pamoja na binamu zao, wakicheka mpaka usiku wa manane. Zilikuwa siku tamu kweli.

Tulirudi Thika tarehe 3 Januari 2024, tumebeba kuku, njugu na ndizi. Tarehe 9 kitinda mimba alikataa uji. Jioni mwili ukawa moto. Kesho yake mama alimpeleka kwenye kliniki moja ya mtaani, wakamwangalia koo, wakasema ni mafua ya mabadiliko ya hewa, wakampa dawa ya kikohozi na ya kuteremsha homa. Homa iliteremka, ikapanda, ikateremka. Mama alidhani dawa inafanya kazi. Usiku wa tarehe 12 mtoto alikakamaa mikononi mwake, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kutetemeka. Jirani mmoja alisema ni degedege, mwingine akasema ni macho ya watu, tumetoka naye kijijini amependeza mno. Baba hakungoja kusikiliza. Alimbeba mbio mpaka barabarani bila viatu.

Hospitalini, muuguzi aliyetupokea hakuanza na koo. Alimshika mtoto kiganja, akaona kilivyokuwa cheupe, kisha akamwuliza mama swali moja:

"Mlikuwa wapi Krismasi?"

Mama akasema Busia. Muuguzi akageuka papo hapo akaita wa maabara. Walimtoa tone la damu kidoleni, na jibu likarudi: malaria, tena kali, na damu imepungua. Aliwekewa dawa ya mshipani, akaongezwa damu. Siku mbili hatukujua itakuwaje. Mimi nilibaki nyumbani na ndugu yangu, na kila mlango ulipobishwa tumbo lilinikata.

Alipona. Lakini swali lile halikunitoka kichwani. Kwa nini kliniki ya kwanza hawakuliuliza? Na kwa nini binamu zetu wa Butula, waliolala mkeka ule ule na kuumwa na mbu wale wale, hawakuugua kama yeye?

Haya ndiyo niliyoelezwa. Malaria huletwa na mbu jike aina ya anofelesi, ambaye huuma hasa usiku. Anapouma humwachia mtu vijidudu, navyo havianzi kazi siku hiyo. Kwanza huenda kwenye ini, vikajificha huko kwa siku kadhaa na kuzaana bila mtoto kuonyesha dalili yoyote. Kisha hutoka kwa maelfu na kuingia katika chembe nyekundu za damu, huzipasua na kuingia katika nyingine. Hapo ndipo homa inapoanza. Tangu kuumwa mpaka kuugua huwa ni kama siku 7 hadi 30. Kwa hivyo mtoto huumwa na mbu kijijini lakini huugulia mjini, wakati mizigo imeshafunguliwa, kuku wameshaliwa, na safari imeshasahaulika. Vile vile chembe zinazopasuka ndizo zinazompunguzia damu, na vijidudu vikiziba mishipa midogo ya ubongo mtoto hupata degedege.

Sasa juu ya binamu. Mtoto anayekulia kwenye malaria nyingi huumwa tena na tena, na akinusurika ile miaka ya kwanza mwili wake hujifunza kupigana, japo si kikamilifu. Wengi hawanusuriki, hilo tusilisahau tunapowasifu watoto wa kijijini kuwa ni wagumu. Mtoto wa Thika au Ruiru hajafundishwa lolote. Huku kwetu ni juu, kuna ubaridi, na vijidudu huchukua muda mrefu kukomaa ndani ya mbu, hata mara nyingi mbu hufa kabla. Katika uchunguzi wa malaria uliofanywa nchini mwaka wa 2020, karibu watoto 19 katika kila 100 waliopimwa sehemu za ziwa walikuwa na vijidudu, na katika sehemu kama zetu hawakufika hata mmoja katika 100. Kinga yenyewe pia huisha. Baba alizaliwa Butula, lakini kwa miaka aliyokaa Thika mwili wake umesahau. Ile "tulikua hivi hivi" yake haimkingi hata yeye mwenyewe.

Kuna tofauti nyingine. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Septemba 2019 katika kaunti ya Homa Bay, ikaenezwa katika kaunti za magharibi na za ziwa, Busia ikiwemo. Mtoto huanza kuipata akiwa na miezi sita. Ilipelekwa huko kwa sababu ndiko malaria iliko. Binamu mdogo wa Butula alikuwa ameipata. Kitinda mimba wetu hakuwa nayo, na kijitabu chake cha kliniki kilikuwa kimejazwa chote sawasawa! Chanjo zote za kwetu alikuwa nazo. Alikosa ile ya mahali alikokwenda.

Kwa hivyo wakati wa kumwandaa mtoto si asubuhi ya safari. Wiki kadhaa kabla, mama humpeleka kliniki na kueleza tunakokwenda, maana kuna dawa za kuzuia zinazotolewa kwa kadiri ya kilo za mtoto na haifai kukisia. Kijitabu kinaingia begini. Neti inaingia begini. Maji ya kunywa ya watoto yanachemshwa hata kama kisima ni safi, maana tumbo la mtoto wa mferejini si la kisima. Na tukirudi, mama anaandika kwenye kalenda siku 30. Homa yoyote katika siku hizo haiitwi mafua mpaka damu ipimwe. Asipoulizwa na daktari tulikuwa wapi, anamwambia bila kuulizwa.

Lililobaki gumu lilikuwa kumwambia nyanya. Desemba 2024 tulikwenda na vyandarua viwili, na mama alikuwa na hofu zaidi ya ile ya mbu. Utamwambiaje mzee aliyekungojea mwaka mzima kwamba usiku wa nyumba yake ni hatari kwa mjukuu? Ni shangazi aliyetuokoa, maana yeye ni binti wa boma. Alikaa na mama yake jikoni, wakachambua mboga, akamweleza yote: degedege, damu aliyoongezwa, baba kukimbia bila viatu. Hakuna aliyekuwa amemwambia nyanya. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mtoto aliugua kidogo. Nyanya aliweka kisu chini. Hakusema kitu kwa muda, kisha akatoka nje kwenye bustani, akang'oa vijiti, akarudi na kile chandarua chake kimejaa udongo, akauliza kama bado kina dawa au ameiharibu.

Usiku ule yeye mwenyewe ndiye aliyewafungia watoto neti, wetu na wa Butula, akachomeka pindo chini ya mkeka pande zote, na aliyetoa mguu nje alichapwa kidogo na kitambaa. Pacha walimwona kama mlinzi wa gereza. Miche ya sukuma wiki aliizungushia miiba.

Siku hizi ni yeye anayehesabu siku 30 kutushinda. Tulirudi kutoka kwake mwanzo wa Januari 2026, na kila jioni saa moja na nusu simu ya baba ililia. Jioni ya siku ya sita mtoto alikuwa na joto. Mama alimpeleka usiku ule ule, akasema tulikotoka kabla hajaketi, damu ikapimwa, hakukuwa na kijidudu hata kimoja. Ilikuwa mafua tu. Baba alimpigia nyanya kumwondolea wasiwasi. Nyanya akasema vizuri, amshukuru daktari, lakini zimebaki siku ishirini na nne, na kesho atapiga tena.